Ramani ya Usingizi wa Mchana

Mwalimu Yen Chin-lan hakuwahi kumchapa mwanafunzi, na kwa miaka mingi jambo hilo lilinikera mimi kuliko lilivyowafurahisha wanafunzi. Nilikuwa mkuu wa nidhamu wa shule moja ya sekondari ya chini huko Yunlin, katika mji wa kiwanda cha sukari. Kazi yangu ilikuwa kuletewa watoto walioshindikana. Kila darasa lilinipa wa kwake: wa kupigana, wa kuvuta sigara chooni, wa kuandika matusi ukutani. Darasa la Yen halikuniletea mtu. Mwaka wa kwanza nilidhani ni bahati. Mwaka wa tatu nilianza kuona ananidharau.

"Hivi wewe unawafanyia nini?" nilimuuliza siku moja kwenye chumba cha walimu.

"Nawapangia viti."

"Kila mtu anapanga viti, mama. Wafupi mbele, warefu nyuma, vipofu wa miwani karibu na ubao. Kuna siri gani hapo?"

"Hakuna siri, Mwalimu Pao," alisema, akajitia mdomoni tunda kavu lililotiwa chumvi. "Nyinyi mnawaambia wakae. Mimi nafikiri kwanza wakae wapi."

Alikuwa mwanamke mfupi, binti wa fundi cherehani, mwenye miwani mizito na vumbi la chaki kwenye nywele. Alifundisha jiografia. Penseli yake aliichomeka juu ya sikio kama seremala, na karatasi zake zilikuwa migongo ya kalenda za kiwanda cha sukari, ambako mumewe aliendesha garimoshi dogo la miwa. Nyuma ya mwezi uliopita alichora darasa lake: safu sita, viti vinane kila safu, visanduku arobaini na vinane.

Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, wakati sisi wengine tukiwa bado tunajikuna nyumbani, Yen alikuwa anakuja peke yake na kukaa kwenye kila kiti. Vyote arobaini na vinane. Nilimwona kutoka koridoni, kakaa kimya, mikono juu ya meza, anatazama mbele, kisha anahamia kinachofuata. Nikadhani mama wa watu ameugua. Kumbe alikuwa anakagua. Alijua kiti gani kinaona uwanja wa mpira. Alijua kipi kinapigwa na jua saa nane, kipi kiko chini ya feni hivi kwamba karatasi za mwenyewe zitaruka na atawasumbua majirani kwa kuziokota, na kipi kiko karibu na ndoo ya taka, mahali ambapo kila anayekwenda kutupa kitu husimama kupiga soga. Kabla mtoto hajaingia darasani, Yen alikwishajua ugomvi utaanzia wapi.

Lakini kazi yake ya kweli aliifanya mchana, watoto wakiwa wamelala.

Saa sita na nusu kengele ya kulala ilikuwa inalia. Watoto wanafunga masanduku yao ya chakula, yale ya bati yaliyopashwa moto kwa mvuke, wanakunja mikono juu ya meza na kulaza vichwa. Dakika arobaini. Hakuna kuinua kichwa, hakuna kunong'ona. Shule nzima inazama. Feni zinakata hewa polepole, mapazia yanajaa upepo na kupungua, na kama ni msimu wa miwa, harufu ya molasi inapanda kutoka kiwandani mpaka mtu anahisi utamu kwenye meno. Watoto elfu moja na mia mbili wanapumua pamoja. Ukisimama mlangoni unasahau ni mwaka gani.

Wakati huo Yen hakulala. Alikaa mezani pake na penseli, akiwaangalia. Kila kisanduku alikitia mshale mdogo: kichwa hiki kimeelekea huku, kile kule.

"Mtoto akiwa macho ananidanganya," aliniambia. "Akilala hawezi. Ona yule, kampa jirani yake mgongo hata usingizini. Nikiwaacha hapo, kufikia Ijumaa watapigana kwa ajili ya kifutio."

"Na wale wawili wanaoelekeana?"

"Wale ni marafiki. Wataongea mpaka mate yawakauke. Nitawatenga kwa kiti kimoja."

"Watenge kwa viti vinne, waachane kabisa."

"Ukiwatenga mbali watapiga kelele ili wasikiane. Kiti kimoja kinatosha, watatazamana tu wataridhika."

Nilimcheka, lakini alikuwa sahihi mara nyingi zaidi kuliko nilivyopenda. Alikosea pia, tusimpambe. Kuna mvulana na msichana aliowakalisha pamoja mwaka mzima kwa sababu walikuwa wanatulizana. Miaka kumi baadaye walioana, na miaka miwili baada ya hapo walimfuata hadi nyumbani kwake kumshtaki: "Mwalimu, wewe ndiye uliyetukalisha pamoja!" Aliwapa chai, akamhamisha mume kutoka kiti cha karibu na mlango. Hata sasa, mstaafu mwenye magoti mabovu, akialikwa harusini hawezi kula mpaka awahamishe wajomba wawili au watatu.

Lakini nataka kusimulia muhula mmoja tu, ule ulioanza Septemba 1986, kwa sababu ndio ulionifanya nimjue.

Ulianza na Liao Ya-hui, msichana wa miaka kumi na minne, mwembamba, mwenye nywele alizojikatia mwenyewe. Alikuwa na makosa makubwa mawili kwenye daftari langu. Alimpiga mwenzake kwa ufagio mwaka wa kwanza, na mwaka uliofuata aliipindua meza ya mwalimu wa hesabu. Kanuni yetu ilikuwa fupi: makosa makubwa matatu, unafungashiwa virago. Na Ya-hui alikwishaandaliwa pa kwenda. Shangazi yake alikuwa na karakana ya soksi katika wilaya ya jirani, mashine ishirini chini ya bati, na baba yake alikuwa amesema wazi kwamba siku shule ikimtema, kesho yake anapanda basi kwenda huko kufanya kazi kwa kudanganya umri. Bibi yake, mama wa baba, alikuja ofisini kwangu na kuku hai kwenye kikapu. Nilimrudishia kuku. Aliondoka akilia, na kuku naye akilia.

Kwenye kikao cha walimu kila mtu alitazama dari. Yen akasema, "Nipeni mimi."

"Akimaliza muhula bila kosa kubwa," nilimwambia, "kanuni inaniruhusu nimfutie moja. Muhula unaisha mwisho wa Januari. Ila akiteleza mara moja tu, naandika. Sitakuonea haya."

"Sikuombi unionee haya."

Akaanza kumtafutia kiti. Kwanza alimweka kwenye kile kiti maalumu, kilicho kando ya meza ya mwalimu, nje ya safu zote, ambacho kila darasa huwa nacho kwa ajili ya mtukutu mkuu. Wiki moja, na sanduku la chaki likaruka dirishani. Akampeleka nyuma, ukutani. Akamweka katikati ya wasichana wapole, kama chungu cha moto kinavyowekwa katikati ya majani mabichi. Akamweka dirishani upande wa uwanja. Karibu kila wiki kulikuwa na kitu: daftari limechanwa, nywele zimevutwa, kiti kimepigwa teke. Vyote vidogo vya kutosha kuitwa onyo, na kila mara nilifika mlangoni na kalamu yangu nyekundu.

"Na hii je?"

"Onyo, Mwalimu Pao. Soma kanuni yako."

Katikati ya Oktoba alikuja ofisini kwangu na kalenda mkononi. Alifunga mlango, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

"Makosa yake yote ni kipindi cha tano," alisema. "Asubuhi ni mtoto kama wengine. Kipindi cha tano, mara tu baada ya kulala, anakuwa moto."

"Basi ana hasira za kuamka."

"Haamki, kwa sababu halali." Akatandaza karatasi tano juu ya meza yangu. Mishale kila mahali, na katika kila karatasi kisanduku kimoja chenye duara badala ya mshale. "Analaza kichwa, anafumba jicho moja. La pili liko wazi dakika zote arobaini. Nimemhamisha viti vitano. Popote nilipomweka, anageuza uso kwenye korido."

"Anaangalia nini koridoni?"

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi. "Wewe."

Hapa lazima niseme kuhusu viatu vyangu. Nilikuwa askari kabla sijawa mwalimu, na sikuwahi kuacha kuvaa viatu vya ngozi vyenye chuma kisiginoni. Wanafunzi waliniita Farasi. Nilijua, na moyoni nilipenda. Kila mchana, kengele ikishalia, nilitembea korido zote tatu, ko, ko, ko, nikisimama kwenye kila dirisha, na kama kuna kichwa kimeinuka nagonga kioo kwa ufunguo. Nilikuwa naamini shule inalala kwa sababu yangu.

"Bibi yake aliniambia," Yen akaendelea kwa sauti ndogo. "Baba yule anaendesha lori. Akirudi nyumbani amelewa, huwa haingii moja kwa moja. Anatembea kwanza ukumbini, huku na huku, kabla hajaamua anafungua mlango wa nani."

Nilihisi uso unawaka. Ni hasira iliyonishika, sikumwonea huruma mtoto, nasema kweli. Mimi, nisiye na mke wala mtoto, niliyeipa shule ile miaka yangu yote, nafananishwa na mlevi wa lori.

"Nitavaa ndara," nilisema.

"Ndara itakuwa mbaya zaidi. Sasa hivi angalau anakusikia ulipo."

"Basi nifanye nini? Nife?"

"Ukae."

Akageuza karatasi ya sita. Visanduku arobaini na vinane, na kando ya meza ya mwalimu, nje ya safu, cha arobaini na tisa. Ndani yake ameandika Pao.

"Hicho ni kiti cha watukutu!"

"Ndicho kinachoonekana kutoka kila mahali. Hatalala mpaka akuone wewe umelala."

Nilimwambia atoke. Siku mbili sikumsalimia. Nilitembea korido zangu kwa kishindo zaidi, kama mtoto anayebamiza mlango. Siku ya tatu nilisimama kwenye dirisha la darasa lake, na kwa mara ya kwanza sikutafuta nani ameinua kichwa. Nilimtafuta Ya-hui. Alikuwa safu ya pili, shavu juu ya mkono, jicho moja wazi. Nilisogea hatua moja kulia. Jicho likasogea. Nikarudi kushoto. Likarudi. Jicho lile nililiona mara mia na kila mara niliandika kitabuni kwangu neno moja: kiburi. Mchana ule niliona ni woga, woga wa mtu anayepima umbali. Niliondoka kwa ncha za vidole, nikiona aibu ya kila kishindo.

Kesho yake kengele ilipolia niliingia darasani. Korido ya ghorofa ile niliiacha bila mtu. Mbili zilizobaki niliwapa viranja. Kile kiti kilikuwa kidogo, magoti yangu yaligonga meza kwa chini. Watoto walificha vicheko kwenye mikono.

"Farasi kafungwa zizini," mmoja akanong'ona.

"Kafanya kosa gani?"

"Kala miwa ya kiwanda."

Yen hakuwakemea. Ya-hui hakucheka. Alinikazia macho mawili.

Nikalaza kichwa. Sikuwa nimelala mchana mezani tangu utotoni Shandong, ng'ambo ya bahari, kabla ya vita, kabla ya meli iliyonileta kisiwani huku. Ubao wa meza ulinuka jasho la watoto na wali wa mvuke. Feni ilikuwa juu yangu, ikinipitia na kuniacha, ikinipitia na kuniacha. Mbali kabisa garimoshi la miwa, likijaribiwa kabla ya msimu, lilipita kwenye mashamba, na sikujua kama linakuja au linaondoka. Nilimwona mama yangu akipepeta mtama kwenye ua wenye ukuta wa udongo. Alikuwa anapepeta bila sauti, na makapi yalipanda juu yakakaa hewani, hayakushuka. Nilitaka kumwambia kitu. Kisha kengele, na mstari wa mate kwenye mkono wangu, na watoto arobaini na wanane wananitazama wakiwa na alama za mikunjo ya shati mashavuni, kama nilizokuwa nazo mimi.

"Mwalimu anakoroma," Ya-hui alisema. Lilikuwa neno la kwanza aliloniambia bila mimi kumuuliza.

Hakulala siku ile, wala iliyofuata. Mimi nililala zote. Mwili wangu, ambao nilidhani ni wa chuma kama visigino vya viatu vyangu, ulikuwa mroho wa usingizi kuliko mtoto yeyote mle ndani. Siku ya tisa nilihisi penseli inanigusa begani. Yen alikuwa ameinama, kidole mdomoni. Alinionyesha kwanza karatasi: kwenye kisanduku cha Ya-hui kulikuwa na mshale. Halafu akanionyesha mtoto mwenyewe. Kichwa kimeangukia kushoto, mdomo wazi, mkono mmoja unaning'inia nje ya meza na vidole vimelegea. Alionekana ana miaka sita. Tulibaki tukimtazama, watu wazima wawili, hakuna aliyethubutu kusogeza hata kiti.

Novemba ikapita, Desemba ikapita. Miwa ikaanza kukatwa, na mji mzima ukanuka molasi. Mwalimu wa historia, mwenye kipindi cha tano, alinijia akiwa na wasiwasi.

"Yule Liao anaumwa? Jana kaniuliza swali."

"Umemjibu?"

"Nilishtuka, nikamwambia nitamjibu kesho."

Januari, zikiwa zimebaki siku kumi muhula uishe, Mkuu wa shule, Bwana Hou, aliniita. Wageni wanakuja kutoka idara ya elimu ya wilaya, watatembelea shule saa ya kulala waone utulivu wetu.

"Nataka uwe koridoni, Mzee Pao. Umenyooka, viatu vinang'aa."

"Saa hiyo huwa nina mahali pa kukaa."

"Nimesikia. Wakukute umelala kwenye kiti cha watukutu? Umerogwa? Siku moja tu, bwana."

Siku moja tu. Nilijiambia hivyo mpaka nikaamini. Asubuhi Yen alinikuta napaka viatu rangi. Alisimama, akaviangalia.

"Umemwambia?" aliuliza.

"Nani?"

"Jirani yako darasani."

"Ni dakika arobaini, mama. Mtoto ameshazoea."

Yeye mwenyewe siku hiyo alikuwa ameamriwa awaonyeshe wageni chumba cha ramani. Kengele ilipolia nikatembea. Ko, ko, ko. Sitaficha: nilifurahia. Mgongo ulinyooka, wageni walitikisa vichwa kwa kunikubali, na Bwana Hou alitabasamu mpaka jino la dhahabu likaonekana. Sikusimama kwenye dirisha la darasa lile. Nililipita haraka, nikitazama mbele.

Kipindi cha tano, kiranja wa darasa, Chung Li-yun, msichana mpole asiye na kosa lolote, alipita akikusanya madaftari. Alimfikia Ya-hui kwa nyuma na kumgusa bega. Ya-hui aligeuka na sanduku lake la bati mkononi. Mdomo wa Li-yun ulipasuka, nyuzi mbili. Ukelele ulisikika hadi ofisini, ambako wageni walikuwa wanapewa chai.

Bwana Hou alikuja mwenyewe. "Kosa kubwa. La tatu. Naitaka karatasi kabla ya gwaride la jioni," alisema, na hakuna kanuni niliyoweza kumpinga nayo. Nikafungua daftari. Nikafungua na kalamu nyekundu. Kupitia dirishani niliona Ya-hui amesimama uani kwenye jua, mikono nyuma, hajalia.

Yen aliingia bila kubisha. Alikuwa ametoka kumshika mkono Li-yun akishonwa, na blauzi yake ilikuwa na damu. Akaweka kalenda yake juu ya daftari langu.

"Andika," alisema. "Ila anza mwanzo."

"Mwanzo upi?"

"Saa sita na nusu. Nani hakuwa kwenye kiti chake?"

Nilitazama visanduku. Arobaini na vinane vilikuwa na alama ya kuhudhuria. Cha arobaini na tisa kilikuwa kitupu. Nilitaka kumfokea kama nilivyomfokea Oktoba, nikatafuta hasira nisiione. Kilichokuwepo ni fedheha tupu. Mtoto yule alikuwa amechukua siku tisa kuamini kwamba mtu mwenye viatu vile anaweza kukaa chini, na mimi nilimwuza kwa tabasamu la Hou.

Nilipekua kanuni, ambazo niliziandika kwa mkono wangu miaka ya nyuma. Kifungu cha kumi na moja: anayeacha nafasi yake wakati wa kulala atawajibika kwa vurugu itakayofuata. Nikaandika mistari miwili. Liao Ya-hui: onyo, atamwomba radhi Chung Li-yun na kumbebea mkoba mpaka kidonda kipone. Pao Te-sheng: kosa kubwa, aliacha kiti chake wakati wa kulala.

Bwana Hou alisoma mara tatu.

"Mwalimu haandikwi kwenye daftari hili."

"Nionyeshe kifungu kinachokataza. Kanuni niliziandika mimi, ningekikumbuka."

"Nitawaambia nini wageni?"

"Waambie mkuu wa nidhamu amekosa nidhamu. Watacheka, watamaliza chai."

"Wadhifa wako utakwenda, Mzee Pao. Unajua?"

"Najua."

Akapuliza muhuri wake na kugonga. Muhula uliofuata nilirudishwa kufundisha michezo, na karatasi ilibandikwa ubaoni getini, ambako wanafunzi walisukumana kusoma jina langu. Sitasema haikuuma. Niliipitia kila asubuhi nikijifanya natazama ndege.

Lakini mchana wa siku iliyofuata ugomvi ule nilikuwa bado na kitu kimoja cha kufanya, na hicho kiliniogopesha kuliko Hou. Ya-hui alikuwa ameambiwa tu aendelee kuja shuleni kwa sasa. Alikaa mahali pake, mkoba umefungwa na uko mapajani, koti ameshavaa, akisubiri kuitwa. Li-yun alikuwa mbele yake na bandeji mdomoni. Kengele ya kulala ikalia. Hakuna kichwa kilicholala.

Nikasimama mbele ya ubao. Katika miaka yangu yote pale, nilikuwa nimesimama hapo kutoa adhabu tu, na miguu yangu haikujua kusimama vingine. Yen alikuwa nyuma kabisa, kwenye kiti kitupu cha mtoto mgonjwa, penseli juu ya sikio.

"Jana niliacha kiti changu," nilisema. Sauti ilitoka ndogo. "Sikumwambia mtu. Nilifanya hivyo ili wakubwa wanisifu. Yaliyotokea baadaye nimeandikiwa mimi, kosa kubwa. Liao Ya-hui ana onyo, basi. Haendi popote. Muhula ukiisha, kosa lake moja linafutwa, kama ilivyo kanuni." Nikawageukia wote wawili. "Liao Ya-hui. Chung Li-yun. Naomba mnisamehe."

Hakuna aliyejua pa kutazama. Mwalimu kuomba radhi kwa watoto, hilo hawakuwahi kuliona, wala mimi. Feni ilizunguka. Li-yun aliinamisha kichwa, akatikisa kidogo: ndiyo. Ya-hui alinitazama viatu, muda mrefu, halafu usoni. Taratibu alivua koti. Akauteremsha mkoba kutoka mapajani, akautundika pembeni mwa meza, akakunja mikono yake.

"Basi kaa, Mwalimu," alisema. "Wenzako tunataka kulala."